Asiyekuwepo darasani naye ahesabiwe: maswali yenu kuhusu kuwatafiti wanafunzi wa vyuo

Msimu wa tasnifu umefika na barua zimekuwa nyingi. Wengi wenu mnazunguka jambo lilelile: nani anaingia chuo, anaishi vipi kwa pesa aliyonayo, na kitu gani kinamtoa kabla hajamaliza. Tumechagua barua nane. Hesabu za mifano humu ni za kuelekeza tu. Si takwimu za chuo chochote.

Walioacha masomo ni wangapi hasa?

*Mwaka wa kwanza wa kundi ninalolichunguza ulikuwa na wanafunzi 1,200. Leo, wakiwa mwaka wa tatu, wako 960. Nimeandika kwamba asilimia 20 wameacha chuo. Msimamizi wangu amerudisha sura nzima. Nimekosea wapi?* – N., Iringa

Kutoa na kugawanya umepatia. Ulipokosea ni kuzipambanisha namba mbili ambazo hazihesabu watu walewale.

Anza na hiyo 1,200. Ni waliodahiliwa au waliosajiliwa? Tangu mwaka 2017, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iliporudisha maombi mikononi mwa vyuo, mwombaji mmoja anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu kwa mpigo, kisha akathibitisha kimoja. Tangazo la waliochaguliwa kwa hiyo lina majina ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuoni kwako. Wa kuhesabu ni aliyesajiliwa: amefika, vyeti vyake vimekaguliwa, suala la ada limewekwa sawa na amepewa namba ya usajili.

Hao 960 nao ni mchanganyiko. Humo wamo waliohamia kutoka vyuo vingine, walioahirisha mwaka wakarudi, na wanaorudia.

Nenda ofisi ya Msajili, omba orodha ya namba za usajili za walioanza mwaka ule, bila majina, kisha ifuate kila namba muhula kwa muhula. Kila namba iangukie kapu moja tu: yuko mwaka wa tatu kwa wakati wake, ameahirisha, amehama, amedisko (ameondolewa chuoni kwa kufeli), au hajulikani alipo. Tuseme kati ya 1,200 waliochaguliwa, waliosajiliwa ni 1,090. Ukiwafuata unakuta 880 wako mwaka wa tatu, 45 wameahirisha, 20 wamehama, 60 wamedisko na 85 hawajulikani. Jumla yake inarudi 1,090 kamili. Isiporudi, kuna mtu umemhesabu mara mbili au umemruka. Waliotoka ni 60 na 85, yaani 145, sawa na asilimia 13.3. Ile 960 yako ilikuwa hawa 880 pamoja na wengine 80 ambao hawakuanza na kundi hili.

Wale 110 waliochaguliwa wasifike usiwatupe. Sehemu yao wamethibitisha kwingine, lakini wapo waliokwama nyumbani kwa kukosa nauli na ada ya kuanzia. Hao hawaonekani katika takwimu yoyote ya kuacha chuo, kwa sababu hawakuwahi kuingia. Waandikie kifungu chao.

Angalizo: anayehama hupewa namba mpya ya usajili, na ile ya zamani inaishia hapo. Namba inayodumu naye ni ile ya mtihani wa kidato cha nne, maana ndiyo inayotumika kwenye udahili na kwenye maombi ya mkopo. Iombe ofisi ikufanyie yenyewe ulinganishaji, wewe upewe matokeo tu.

Fomula ya Yamane imeniambia 353. Inatosha?

*Chuo chetu kina wanafunzi 3,000. Kwa fomula ya Yamane, kosa la asilimia 5, nimepata 353. Nimepanga kugawa madodoso kwenye vipindi vitatu vyenye watu wengi. Kuna tatizo?* – Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma

Hesabu iko sawa: 3,000 ukigawanya kwa 8.5 unapata 353. Lakini fomula hiyo ya kukadiria ukubwa wa sampuli inachukulia kwamba kila mwanafunzi alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na kwamba wote 353 watajibu. Mpango wako unayavunja yote mawili.

Kugawa madodoso kipindini ndiko kunakotuuma zaidi, kwa sababu ndilo kosa tunalolikuta katika tasnifu nyingi. Fikiria nani hayupo kipindini saa nne asubuhi. Hayupo anayeuza duka la mtu Kariakoo ili alipe ada. Hayupo aliyekosa nauli, wala anayekaa mbali kwa sababu vyumba vya karibu na chuo ni ghali. Unatafiti hali ya kifedha, halafu unawauliza wale ambao fedha haijawazuia kuja. Ukiandika kwamba hali ni nzuri, umeandika hali ya waliofika.

Anza na orodha ya waliosajiliwa, iliyopangwa kwa kozi na mwaka wa masomo. Ukitarajia watu 30 katika kila 100 wasijibu, gawanya 353 kwa 0.7, unahitaji kuwafikia 505. Gawanya 3,000 kwa 505, unapata karibu 6. Vuta karata moja kati ya 1 na 6. Ikitoka 4, chukua wa 4, wa 10, wa 16, mpaka mwisho wa orodha. Utapata 500, na upungufu huo haudhuru. Kisha mtafute kila mmoja alipo, kwa simu au kupitia CR (mwakilishi wa darasa) wa kozi yake. Asiyepatikana mara tatu, kwa siku na saa tofauti, andika kuwa hakupatikana. Usimweke rafiki yake mahali pake.

Kuna jambo jingine ambalo 353 haikuonyeshi. Ukitaka kuwazungumzia wanaojisomesha peke yao, na kwenye sampuli wametokea 80, kosa kwao, yaani kiasi ambacho makadirio yanaweza kupishana na ukweli, si asilimia 5 tena, linafika karibu 11. Ikiwa chuoni wako 600 na wenye mikopo ni 2,400, unaweza kuchukua kwa makusudi 200 kutoka kundi la kwanza na 300 kutoka la pili. Hapo kila anayejisomesha anasimama kwa watu 3 na kila mwenye mkopo kwa watu 8, na hesabu ya chuo kizima lazima iwape uzito huo. Anayesahau uzito huishia kuandika kwamba asilimia 40 ya wanafunzi wanajisomesha, kumbe ni 20.

Kipato cha mwezi cha mtu anayepata pesa kila miezi miwili

*Swali langu la "Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" limejibiwa ovyo. Wengine wameandika 0, wengine 600,000. Nifanyeje?* – J., Mwanza

Majibu hayo si ya ovyo. Aliyeandika 600,000 amekupa bumu lake lote, yaani fungu la posho ya mkopo, na aliyeandika 0 hana mshahara, kwa hiyo haoni kama ana kipato. Kosa liko kwenye swali.

Posho ya chakula na malazi ya mnufaika wa Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Kwa kawaida huja kwa mafungu ya siku kama 60, kwa hiyo fungu moja ni 600,000. Mwezi si kipimo cha maisha ya mwanafunzi huyu. Kipimo chake ni siku tangu bumu liingie. Tuseme siku ya kwanza analipa chumba cha 60,000 kwa miezi mitatu, 180,000 inaondoka. Zimebaki 420,000, yaani 7,000 kwa siku. Akilipa na deni la muuza chakula la wiki mbili zilizopita, siku 60 hizo zimeshaanza na pengo.

Kwa hiyo tarehe ya kukusanya takwimu inabadilisha majibu kuliko hata maneno ya swali. Ukiuliza wiki ya kwanza utakuta watu wanakula milo mitatu. Ukiuliza wiki ya nane utakuta wengi wanaruka wa asubuhi. Ligawe zoezi lako mafungu manne, kila fungu la washiriki wiki mbili tofauti za mzunguko, na kila dodoso liandikwe bumu la mwisho liliingia tarehe gani na kama mhusika ameshasaini kulipokea. Kuna ambao pesa imetoka lakini wao hawajaipata kwa sababu ya kutosaini, na ukiwachanganya na waliopata, jedwali lako halitasomeka.

Mahali pa swali moja la kipato, uliza chanzo kimoja kimoja: "Tangu bumu la mwisho liingie, umepokea kiasi gani kutoka nyumbani kwa simu? Kutoka kibaruani? Kwenye biashara yako? Kwa kukopa, rafiki au programu ya simu? Zamu yako ya upatu?" Mruhusu afungue ujumbe wa miamala kwenye simu yake na ajisomee mwenyewe, usishike simu yake wala usipige picha. Tofauti kati ya anachokumbuka na anachokisoma ni kubwa kuliko unavyodhani, hasa kwa miamala midogo.

Kwenye matumizi kuna mstari ambao madodoso mengi yaliyonakiliwa kutoka nje hayana: pesa anayotuma nyumbani. Mwanafunzi anayelipa daftari za mdogo wake kwa bumu lake yupo, na ukimnyima mstari ataificha pesa hiyo kwenye "mengineyo". Weka pia bando, kutoa nakala, nauli, vipodozi na kulipa madeni. Mengineyo yakizidi sehemu moja ya kumi ya matumizi yote, orodha yako haijakamilika. Irekebishe baada ya jaribio la watu 20 au 30.

Chakula uliza cha jana tu: "Jana ulikula mara ngapi? Kama kuna mlo uliruka, ni kwa sababu gani?" Jana inakumbukika, "kwa kawaida" hujibiwa kwa heshima ya mtu.

Ukitumia daftari la matumizi, siku 14 zinatosha. Siku za mwanzo hujazwa vizuri, kisha karanga na maji vinaanza kusahaulika. Ujumbe mfupi wa kumkumbusha saa tatu usiku husaidia, na kulikagua daftari siku ya nne husaidia zaidi.

Mwisho, usiripoti wastani peke yake. Wanafunzi watano wenye 120,000, 150,000, 160,000, 180,000 na 1,900,000 wana wastani wa 502,000, pesa ambayo wanne kati yao hawaikaribii. Namba ya katikati, 160,000, ndiyo inayofanana na maisha yao.

Nani atakiri kwamba anabeti?

*Natafiti kubeti kwa wanafunzi. Katika madodoso 200 waliosema ndiyo ni 9. Sikubaliani nayo hata kidogo.* – Msomaji wa Dar es Salaam

Na wewe uko sahihi kuitilia shaka. Kubeti kwenye kampuni yenye leseni si kosa kwa mwenye miaka 18 na zaidi. Kinachomfunga mdomo ni aibu, na hofu kwamba jibu litafika kwa mzazi au kwa bodi. Kama dodoso liligawiwa na CR na likarudi mikononi mwake, jibu la kweli lilikufa hapo.

Njia ya kwanza ni bahasha: ajaze peke yake, asiandike jina wala namba, atumbukize mwenyewe kwenye sanduku lililofungwa.

Njia ya pili ni sarafu. Stanley Warner aliliweka wazo la msingi mwaka 1965. Hii ni aina yake iliyo nyepesi. Mshiriki anarusha sarafu pasipo wewe kuona. Ikitoka kichwa, anajibu "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikitoka upande wa pili, anasema ukweli. Hakuna anayeweza kumsuta mtu aliyesema ndiyo. Ukipata ndiyo 130 kati ya 200, karibu 100 ni za sarafu. 30 zilizobaki zimetoka kwa watu 100 waliosema ukweli, basi makadirio ni asilimia 30.

Siri hiyo ina gharama yake. Kwa watu 200 kosa la makadirio hayo ni kama asilimia 13 juu na chini. Ili lishuke karibu na 7 unahitaji watu 800. Wengine pia hawaamini sarafu, wanajibu "hapana" hata ikitoka kichwa. Wafanyishe mazoezi kwa swali lisilo na aibu kwanza, kama "Umewahi kulala kipindini?"

Usiulize "umepoteza kiasi gani". Watu hukumbuka siku waliyoshinda. Uliza aliweka mikeka (tiketi za kubeti) mingapi katika siku saba zilizopita, na mkeka wa mwisho ulikuwa wa shilingi ngapi.

Mkopo na GPA

*Nimelinganisha GPA (wastani wa alama za chuo): wenye mkopo wana 3.2, wasio na mkopo 3.5. Naweza kuandika kwamba mkopo unashusha ufaulu?* – Morogoro

Tafadhali usiandike hivyo. Mkopo hautolewi kwa kura. Bodi hutazama yatima, mwenye ulemavu, anayetoka kaya maskini. Kabla hata ya kupokea shilingi moja, makundi yako mawili yalikuwa tayari yametofautiana kwa shule walizosoma, vitabu na chakula. Hiyo 0.3 unaweza kuwa unaipima tofauti ya nyumba walizotoka.

Linganisha walioomba wakapata na walioomba wakakosa, wenye alama za kidato cha sita zinazokaribiana na wa kozi ileile. Au mfuate mwanafunzi yuleyule: muhula ambao pesa ilichelewa na muhula ambao haikuchelewa. Na ukumbuke kwamba waliodisko hawamo kwenye orodha ya GPA ya mwaka wa tatu. Kama kundi moja limepoteza wengi zaidi, wastani wa waliobaki umepanda bila mtu yeyote kusoma zaidi.

Kuhusu kipato cha mzazi: mwanafunzi hakijui. Muulize anachokijua, yaani paa la nyumba, maji yanatoka wapi, mzazi anafanya kazi gani, ndugu wangapi wanasomeshwa kwa sasa, na nani alimlipia sekondari.

Binti yangu ameletewa fomu

*Shikamooni. Binti yangu yuko chuo, ameletewa fomu ya utafiti inayotaka namba ya usajili, namba ya simu na deni analodaiwa. Ajaze?* – Mama wa mwanachuo, Tanga

Marahaba, mama. Ana haki ya kukataa, na kukataa hakumgusi kwenye masomo wala mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanya kwa kazi gani. Aulize mambo manne kabla ya kushika kalamu: mtafiti ni nani na wa chuo gani, barua ya kibali iko wapi, taarifa zitahifadhiwa wapi na mpaka lini, na kwa nini namba ya usajili inahitajika. Utafiti wa kumfuatilia mtu miaka mitatu unaweza kuihitaji, na hapo namba hukaa kwenye faili lake peke yake, mbali na majibu. Dodoso la mara moja halina haja nayo. Anaweza kujaza mengine na kuiacha wazi. Fomu ikidai namba ya siri ya simu au ya benki, huo si utafiti. Asiijaze, na atoe taarifa kwa Mshauri wa Wanafunzi.

Kibali cha Kenya

*Nasoma Tanzania lakini nataka kuwahoji wanafunzi wa Eldoret. Barua ya chuo changu inatosha?* – B.

Haitoshi. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi na utafiti, inayoombwa kwa mtandao, na idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa kule. Tenga muda wa kutosha kabla ya kukata tikiti. Usihamishe dodoso la bumu kama lilivyo: HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, ina utaratibu wake wa kutoa pesa, kwa hiyo maswali yako ya "tangu bumu la mwisho" yaandikwe upya kufuata muhula wao. Hata lugha ijaribu na watu kumi wa huko, maana "bumu" na "kudisko" si maneno ya Eldoret.

Nitawapata wapi walioondoka?

*Nimesoma majibu yenu ya nyuma kwamba walioacha chuo lazima wahojiwe. Namba zao za simu hazipatikani. Nikiwaacha itakuwaje?* – Mbeya

Ukiwaacha utaandika sababu za kuacha chuo kama zinavyosimuliwa na watu ambao hawajaacha.

Anza na wasiojulikana walipo, kama wale 85 wa mfano wa barua ya kwanza. Ofisi haitakupa simu zao, na isikupe. Iombe yenyewe iwatumie ujumbe wako mfupi wenye jina lako, chuo chako, na sentensi ya wazi kwamba hutoki bodi wala huhusiki na madeni. Sentensi hiyo iweke mwanzoni. Aliyekatisha masomo akiwa na mkopo huogopa simu ya mtu asiyemjua, na ana sababu.

Njia ya pili ni waliokuwa wakiishi naye chumba kimoja. Wao wampigie, wamweleze, na akikubali ndipo wakupe namba. Wiki tatu za kazi hii zikikupa watu 25, hao hawatoshi kukokotoa asilimia, lakini wanatosha kukuonyesha njia ya kuondoka inavyokwenda.

Piga baada ya saa moja jioni, wengi wanakuwa wametoka kazini, na gharama ya simu iwe yako. Usianze na "kwa nini uliacha?" Swali hilo linamfanya ajitetee, atakujibu "ada" na mazungumzo yataishia hapo. Muombe akusimulie kwa mpangilio: siku ya mwisho kuingia kipindini ilikuwa lini, wiki ile alikuwa anakaa wapi, alikuwa anadaiwa na nani, alimwambia nani kwamba anaondoka. Ada itajitokeza yenyewe, pamoja na yaliyoitangulia: mtihani alioukosa kwa kuwa jina halikuwa kwenye orodha ya waliolipa, mama aliyelazwa, chumba kilichofungwa kufuli na mwenye nyumba. Andika tarehe pembeni ya kila tukio. Mwishoni muulize kama ombi la kuahirisha aliwahi kuelezwa na mtu yeyote kwamba lipo, na liandikie jibu safu yake kwenye jedwali.